Panya Mzima Hajui Shida ya Mgonjwa Wetu

Ukilazwa wodini baada ya kukatwa utumbo, kuna swali utaulizwa kila asubuhi, nalo halihusu maumivu. Muuguzi atakuinamia: "Umeshatoa upepo?" Wengine hawazunguki, hukuuliza kama umejamba. Usicheke. Utumbo ulioshikwashikwa na daktari hugoma, chakula hakiteremki, tumbo linajaa gesi, na upepo wa kwanza kutoka ni dalili kwamba mambo yameanza kwenda.

Kwa nini ugome? Sehemu kubwa ya jibu tumeipata kwa wanyama, ndiyo sababu siungani na wanaotaka majaribio yote ya wanyama yafutwe leo. Mwaka 1899, huko London, William Bayliss na Ernest Starling walionyesha kwa mbwa kwamba tumbo likifunguliwa, neva huuzuia utumbo usisukume, na neva hizo zikikatwa utumbo hurudia kazi yake. Maelezo hayo yalitosheleza wengi kwa miaka mingi. Lakini yaliacha fumbo: neva ingeweza kuelezea saa chache, mgonjwa anakaa siku tatu, nne, bado tumbo limelala.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Jörg Kalff na Anthony Bauer, wakiwa Pittsburgh, walilifuata fumbo hilo kwa panya. Kundi moja lilifunguliwa tumbo tu. Jingine likatolewa utumbo nje. Jingine utumbo ukapitishwa wote kwa vijiti vya pamba iliyoloweshwa, kama daktari anayetafuta tundu. La mwisho utumbo ukabinywa. Kadiri utumbo ulivyosumbuliwa ndivyo msuli wake ulivyojaa chembe nyeupe za damu, na ndivyo ulivyozidi kudhoofika. Kumbe baada ya neva kutulia, msuli wenyewe umevimba kwa ndani. Hilo hulipati kwa kumtazama mgonjwa kitandani. Na nani angekubali utumbo wake ubinywe ili kulinganisha na wa jirani?

Mfano wa pili ni wa watoto wa mbwa wa Philadelphia. Katika miaka ya 1960 madaktari wengi waliamini haiwezekani kumlisha mtu kwa mshipa peke yake. Stanley Dudrick, chini ya mwalimu wake Jonathan Rhoads, akawalea watoto sita wa mbwa aina ya beagle bila chakula kupita mdomoni, kwa siku kati ya 72 na 256, kila kitu kikiingia kwa mpira uliofika kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Wakakua kama ndugu zao waliokuwa wakila. Mwaka 1967 mbinu hiyo ikatumika kwa mtoto mchanga aliyezaliwa na utumbo usiofaa, aliyekuwa akikonda hadi kufa. Naye akaongezeka uzito. Leo mtu aliyebakiwa na kipande kifupi cha utumbo anaweza kuishi miaka kwa njia hiyo, ilimradi awe nchi yenye vifaa na bima. Huku kwetu hali ni nyingine, na hilo halikusababishwa na mbwa.

Kwa hiyo deni lipo. Kinachonikera ni namna mnyama anavyochaguliwa na anavyotayarishwa.

Chukua tatizo linalowanyima usingizi madaktari wapasuaji kuliko yote: kuvuja kwa mshono. Umekata kipande kibovu, umeunganisha ncha mbili, umefunga tumbo. Siku za mwanzo kolajeni, yaani protini ngumu inayoushika mshono, huyeyushwa haraka kuliko inavyotengenezwa, na hapo ndipo hatari ilipo. Sasa mpe kazi hiyo panya wa maabara: kijana, dume mara nyingi, hana kisukari, havuti sigara, hana saratani, amekula vizuri hadi siku ya kupasuliwa. Huyo atapona hata ukishona ovyo. Watafiti wengine, ili wapate mshono unaovuja, hulazimika kupunguza nyuzi makusudi na kuacha pengo. Matokeo yake wanachunguza pengo walilolitengeneza wenyewe, wakati kinachoumiza kichwa ni mshono uliofungwa vizuri na bado ukaachia.

Waliosogea karibu na ukweli ni wale waliokubali kumharibia mnyama mazingira. Mwaka 1955, New Orleans, Isidore Cohn aliwakata mbwa damu inayolisha sehemu ya utumbo mpana, kisha akawa anaingiza antibiotiki ndani ya utumbo wenyewe pale penye mshono. Waliopata dawa walipona kuliko wasiopata. Ilikuwa ishara kwamba bakteria wana mkono katika kuvuja. Ilichukua miongo kadhaa hadi kundi la John Alverdy la Chicago, mwaka 2015, lilipomtaja mmoja wao katika utumbo wa panya: Enterococcus faecalis, anayejiweka penye kidonda na kuyeyusha kolajeni. Antibiotiki ya kawaida ya kuchoma kwenye mshipa haikumwondoa. Iliyopakwa moja kwa moja ndani ilisaidia. Panya wale nao walikuwa wamepunguziwa damu kwenye utumbo. Angetumika panya mzima, sidhani kama kuna ambacho kingeonekana.

Mgonjwa wa Afrika Mashariki anayeunganishwa utumbo usiku wa manane mara nyingi hakuja kwa miadi. Utumbo umetobolewa na homa ya matumbo, au umejisokota, na siku zimepita kabla hajafika hospitali ya mkoa. Ana usaha tumboni, ameishiwa maji, amekonda. Namna ya kumfikisha panya katika hali hiyo inajulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 1970: kifuko cha mwanzo wa utumbo mpana hufungwa uzi, hutobolewa kwa sindano, hurudishwa tumboni. Baada ya saa kadhaa una mnyama mwenye tumbo chafu. Ukimuunganisha utumbo huyo, unajifunza kitu kinachomhusu mgonjwa wetu.

Hapo ndipo pagumu. Mnyama anayefanana na mgonjwa ndiye anayeteseka zaidi. Sina namna ya kulikwepa hilo, na simwamini anayelipita haraka haraka. Msimamo wangu ni kwamba afadhali panya wachache walio katika hali ngumu, chini ya uangalizi, kuliko mamia ya panya wazima wanaokufa kwa swali ambalo halimsaidii mtu. William Russell na Rex Burch walishaandika mwaka 1959 kuhusu kutafuta mbadala wa wanyama katika majaribio, kupunguza idadi yao na kuboresha wanavyotendewa. Wengi hukumbuka kupunguza, kwa kuwa kunahesabika.

Katika jambo moja, hata hivyo, huruma na sayansi nzuri ni kitu kilekile: dawa ya maumivu. Morfini hupunguza mwendo wa utumbo. Mtafiti anayepima jinsi utumbo unavyoamka anaweza kushawishika kumnyima panya dawa hiyo ili isimvurugie vipimo. Lakini mgonjwa wodini anapewa morfini au mojawapo ya ndugu zake! Panya aliyenyimwa anateseka bure na bado hafanani na yule anayemwakilisha.

Kuna na mambo madogo ambayo mtu hawezi kuyajua asipoishi na wanyama hao. Panya hula kinyesi chake, kwa hiyo unayedhani ameshinda njaa kabla ya upasuaji huenda ameshiba, isipokuwa umemweka juu ya sakafu ya waya. Panya hatapiki, hivyo dalili moja kubwa ya utumbo uliogoma hutaiona kwake kamwe. Aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba huanza kuzoea ndani ya wiki moja au mbili. Binadamu huhitaji hadi miaka miwili. Nguruwe yuko karibu nasi zaidi kwa ukubwa wa utumbo na kwa kula kila kitu, ila ni ghali na anataka nafasi. Najua baadhi ya wasomaji hapo wamekunja uso. Heparini inayochomwa wodini kuzuia damu kuganda nayo hutengenezwa kwa utumbo wa nguruwe.

Siku hizi nikikutana na habari kwamba dawa fulani imeharakisha kupona kwa utumbo, siangalii grafu kwanza. Nashuka hadi kwenye maelezo ya mbinu nitafute mambo matatu: mnyama alikuwa na umri gani, tumbo lake lilikuwa safi au chafu, na alipewa nini cha kutuliza maumivu. La tatu mara nyingi halijaandikwa kabisa. Wahariri wa majarida wangeweza kulimaliza hilo mwaka huu kwa kurudisha kila andiko lisilolitaja.