Ugali ulivyoangusha bildi

Jamani komenti, yale maelezo ya kusomwa na watu yanayoandikwa ndani ya kodi ya programu, ni maneno tu. Hiyo ndo ilikuwa hoja yangu siku ile na mpaka leo sijaibadilisha, ukishaweka slashi na nyota mbele basi kompaila, ile inayogeuza kodi kuwa programu, inatakiwa ipite hapo kama haijaona kitu, sasa mimi nilikosea wapi?

Iko hivi. Ofisi yetu ipo Moshi, kule Kiborloni, tunatengeneza sistimu za kampuni zinazopandisha wageni mlimani, na humo ndani kuna laibrari moja ya lugha ya Java ya kuchambua anwani za wavuti, yaani unaitupia anwani ndefu yenyewe inakukatia vipande, skimu hii hapa, hosti, poti (namba ya mlango wa seva), njia, kwiri. Kodi yake safi kabisa. Ila komenti zake sasa, mama yangu! Moja inasema http isipoandikwa poti inaenda 443, wakati mstari wa chini yake kodi inaweka 80 kama inavyotakiwa, 443 ni ya https. Nyingine inasema kile kipande cha baada ya alama ya reli (#) kinatumwa kwenye seva, wapi bwana, kile kinabaki hapo hapo kwenye brauza. Na juu kabisa wameandika tunafuata RFC 1738, moja ya zile hati za kanuni za intaneti, ya mwaka 1994 hiyo, kodi yenyewe inafuata RFC 3986 ya 2005.

Bosi akasema mangi, zinyooshe hizo kabla ya saa nane, mteja anakuja na kijana wake wa IT na tutamwonyesha zile kurasa za Javadoc, ambazo ndo komenti hizo hizo zimetolewa nje zikapendezeshwa. Na kodi usiiguse. Nikamwambia bosi hiyo mbona ndogo.

Nikanyoosha zote nikabakiwa na ya bekslashi, ile slashi iliyoelekea kinyume (\). RFC haitaki bekslashi kwenye anwani, ila brauza zinazofuata kile kiwango cha WHATWG, lile kundi linaloandika viwango vya wavuti, zikiikuta kwenye http au https zinaisoma kama slashi ya kawaida, na laibrari yetu inafanya vile vile. Nikaona hapa panahitaji mfano. Sasa ilikuwa karibu saa saba, maharage ya mama ntilie wa pale chini yananukia mpaka ofisini, nikaandika kilichokuwa moyoni:

https:\\mfano.co.tz\ugali

Nikapushi, yaani nikaituma kwenye kodi ya wote, bila kukompaili (nani anakompaili komenti?) nikashuka kula.

Hata sahani haijafika nusu simu inaita, dada wa testi.

"Kaka umefanya nini huku? Hakuna kinachokompaili."

"Dada yangu mimi nimegusa komenti tu."

"Basi ni komenti."

"Komenti haziwezi."

"Njoo uone zisivyoweza."

Nikapanda ngazi mkono una mchuzi. Kweli bwana, bildi, yaani ile kazi ya kuijenga programu kutoka kwenye kodi, nyekundu juu mpaka chini, kompaila inalalamika eti kuna yunikodi (zile namba za herufi za lugha zote) isiyo halali, na kimshale kimesimama pale pale kwenye ugali. Saa nane kasoro dakika chache! Dada akasema toa ugali weka wali. Nikagoma, sistimu ya mlima hii, tuweke kitu cha kazi, nikaweka \ubebaji. Ikapita! Kijani tupu. Nikamwambia unaona, Java haipendi ugali, akaniangalia tu.

Mteja huyo kaingia. Bosi kafungua kurasa, anashuka nazo taratibu kwa madaha, poti sawa, RFC sawa, akafika kwenye bekslashi na pale palipotakiwa kuandikwa ubebaji pana herufi moja ngeni imejaa vimistari, halafu "ji".

Mteja akauliza, "Hiki Kichina?"

Kijana wa IT akasogea karibu, "Hapana mzee, Kikorea hiki."

Kimya. Bosi hakupepesa jicho: "Ndio, tumeanza na Kikorea." Dada akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikudondoka.

Walipoondoka ndo dada akanionyesha. Kumbe Java inabadilisha bekslashi-u na herufi nne za heksa zinazofuata kuwa herufi ya yunikodi KABLA haijajua kipi komenti kipi kodi. Heksa ni 0 mpaka 9 na a mpaka f. Ugali umeanza na g, jirani wa f kabisa, ukakataliwa mlangoni. Ubebaji una b, e, b, a, zote halali, na BEBA kwenye yunikodi ipo katikati ya silabi za Kikorea, ikabaki "ji" peke yake. Sasa kweli hapo mtu unajiteteaje?

Tukaenda kumweleza bosi. Alikuwa anaandika kotesheni na kipengele cha Kikorea kimeshawekwa bei. Akatusikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Sawa mangi. Na Kijapani tunaandika neno gani?"