Kamera iliyofutwa Syria, na giza ambalo hakuna anayelikagua

Septemba 2013, mpiga picha Narciso Contreras alimpiga picha mpiganaji wa waasi wa Syria akiwa anajikinga. Kwenye kona ya chini kushoto ya fremu ilionekana kamera ya video ya mwandishi mwenzake, iko chini. Kabla ya kuituma picha kwa shirika la habari la AP alinakili vipande vya ardhi ya jirani akavibandika juu ya kamera hiyo, ikatoweka. Baadaye aliwaambia wahariri mwenyewe. Januari 2014 AP ilivunja uhusiano naye na kuondoa picha zake zote sokoni, karibu 500, ingawa zilipokaguliwa haikupatikana nyingine iliyochezewa. Huyo ni mtu aliyekuwa miongoni mwa washindi wa Pulitzer, tuzo ya uandishi wa habari ya Marekani, mwaka uliotangulia.

Wanaomtetea hawasemi ovyo. Kamera ile haikuwa na uzito kwenye habari. Angekata tu ukanda ule wa picha, ikawa nyembamba kidogo, wala hakuna ambaye angemuuliza kitu, kwa sababu kukata kunaruhusiwa. Kinachokatazwa ni kuongeza au kutoa kitu ndani ya fremu.

Linganisha na jalada la jarida la Time la Juni 1994. Picha ya polisi ya O. J. Simpson, nyota wa zamani wa soka la Kimarekani aliyeshtakiwa kwa mauaji, ilitiwa giza, ngozi ikawa nyeusi kuliko ilivyo, na wiki hiyohiyo Newsweek ikachapa picha ileile bila kuigusa. Yalipokaa pamoja kwenye vibanda vya magazeti, kila mtu aliona tofauti. Hakuna kilichoongezwa wala kutolewa, ila mtuhumiwa alishavikwa sura ya muuaji.

Giza lina hila nyingine, tena hii ndiyo inayopita kwenye meza za wahariri kila siku. Kwenye JPEG ya kawaida, yaani faili ya picha iliyobanwa, kila pikseli (nukta ya picha) ina mwanga kati ya 0 na 255. Ukipandisha kiwango cha weusi hadi, tuseme, 25, chochote kilicho chini ya hapo kinakuwa 0. Mtu aliyesimama kwenye mlango wenye kivuli nyuma ya mhusika ameondoka, na faili ikishahifadhiwa hivyo harudi. Tofauti yake na kamera aliyoifuta Contreras ni kitufe kilichobonyezwa. Mwaka 2015 shindano la World Press Photo lililinganisha faili ghafi, yaani data ya kamera kabla ya kuhaririwa, na picha zilizokaribia fainali, likaengua asilimia 20, na kuzidisha weusi hadi vilivyomo kivulini vipotee kulikuwa sehemu ya tatizo.

Sasa kwa nini kanuni ing'ang'anie kunakili na kubandika? Kwa sababu kunathibitishika. Agosti 2006 picha ya Beirut ya mpiga picha Adnan Hajj iliyotumwa na shirika la habari la Reuters ilikuwa na moshi uliojirudia, mafundo yaleyale yamepangwa kama muhuri, na wasomaji waliliona hilo kwa macho tu. Reuters iliondoa picha 920 za Hajj. Weusi hauna mpaka wa namna hiyo: wahariri wawili wakikaa mbele ya skrini mbili, mmoja ataona uongo, mwingine ataona machweo.

Reuters ilijaribu njia ya mkato Novemba 2015 kwa kuwataka wapiga picha wa kujitegemea watume JPEG iliyotoka kwenye kamera, si iliyotengenezwa kutokana na faili ghafi. Inaokoa muda. Lakini kamera nayo ina mipangilio ya rangi na weusi, na anayetaka giza ataliweka kabla hajabonyeza. Bora mhariri adai faili ghafi, aiongezee mwanga sehemu za kivuli, na atazame nani alikuwa pale.

Kuvunja uhusiano na Contreras naona kulikuwa sawa, maana shirika linauza imani. Kuziondoa zile mamia nyingine za vita vya Syria, ambazo AP yenyewe ilizikagua ikazikuta safi, ni jambo lingine. Zingetosha kubaki na maelezo mawili ya mstari mmoja: zimekaguliwa lini, na dhidi ya faili gani.