Maharage ya Baridi Yamemkosea Nani?

Kula chakula cha kopo bila kukipasha moto hakujakatazwa na sheria yoyote. Ila jaribu kufanya hivyo mbele ya watu. Utaulizwa maswali ambayo hata aliyefiwa haulizwi. "Gesi imeisha?" "Unaumwa?" Kisha yule mwenye sauti ya upole kuliko wote anakusogelea: "Ndugu yangu, na shemeji mko sawa lakini?"

Tuko sawa. Nina njaa tu. Mbona jibu hilo halimjii mtu?

Halafu kuna hawa wanaosema eti maharage ya kopo ni mabichi. Mabichi! Jamani, chakula cha kopo hupikiwa humohumo ndani ya kopo. Kiwandani wanajaza, wanafunga kifuniko kisipitishe hata pumzi, kisha kopo zima linatiwa kwenye mtambo wa mvuke wenye presha. Kwa vitu visivyo na uchachu, kama maharage, nyama na samaki, joto huwa kama nyuzi 121. Maji ya kwako jikoni yakichemka ni nyuzi 100, na yakifika hapo yamemaliza maarifa yao yote. Joto kali namna ile limewekwa makusudi kwa ajili ya bakteria mmoja mkorofi, Clostridium botulinum, ambaye mbegu zake hukaa kwenye maji yanayochemka zikapiga soga. Sasa maharage yaliyotoka salama kwenye mtambo huo, wewe unayaweka kwenye sufuria dakika tatu unasema unayapika. Unayapika nini? Unayapa pole.

Na huyo anayepasha moto ndiye huyohuyo anayeacha sufuria kwenye sinki. Ukimuuliza, "nimeiloweka". Tangu asubuhi imelowekwa. Mimi chombo changu ni uma, nikimaliza nausuuza, naurudisha mahali pake. Lakini kwenye nyumba hii mvivu ni mimi.

Watu hawajui kopo limetoka wapi. Mfaransa Nicolas Appert, ambaye kazi yake ilikuwa peremende, alipewa na serikali yake faranga 12,000 mwaka 1810 kwa kuonyesha jinsi ya kuhifadhi chakula kwa kukifunga kwenye chupa za kioo na kuzichemsha. Mwaka huohuo, huko Uingereza, Peter Durand akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kutumia vyombo vya bati. Kufikia 1813 kina Bryan Donkin walishakuwa na kiwanda London, na jeshi la majini likawa mteja. Mambo mazuri. Kasoro moja tu: hakuna aliyefikiria mtu atalifunguaje. Hataza ya kifungua kopo ya Ezra Warner kule Marekani ni ya mwaka 1858. Miaka yote hiyo katikati watu walikuwa wanapiga kopo kwa patasi na nyundo! Baharia ametwanga bati mpaka mkono umekufa ganzi, limefunguka, nyama anaiona, halafu utokee wewe umwambie asikose adabu, asubiri kwanza moto ushike?

Siku hizi wametuwekea kile kipete cha kuvuta, kinachong'oka na kukuacha nacho kidoleni kama mchumba aliyekimbiwa, kopo liko vilevile. Hapo unaanza kutafuta kifungua kopo, ambacho hukaa kwenye droo siku zote isipokuwa siku unayokihitaji.

Lakini kinachoniudhi hasa ni upendeleo. Chukua kopo la jodari, mimina kwenye sahani, katia kitunguu, kamulia limau. Ni baridi vilevile, hakijaguswa na moto, ila sasa kinaitwa saladi, na wageni wanaomba maelezo ya namna ulivyotengeneza. Mahindi ya kopo yakirushwa juu ya majani mabichi, saladi tena. Nanasi la kopo hata wazo la kulipasha moto halipo. Sadini zinaliwa kwenye kopo lake na watu wanaovaa tai. Maharage peke yake ndiyo yenye kesi. Nimewaza nikagundua kwamba hawa watu baridi haiwasumbui hata kidogo. Wanachodai ni sahani.

Haya, nami si mtu wa kubisha kila kitu. Nyama ya ng'ombe ya kopo ikiwa baridi, yale mafuta meupe yaliyoganda yananata kwenye kaakaa hadi kesho. Hiyo ipashwe. Na kopo lenyewe likiandikwa "pasha moto kabla ya kula", aliyeandika alijua alichoweka ndani, sibishani naye. Lililovimba, au linalotema povu ukilitoboa, hilo halionjwi hata kwa ncha ya ulimi. Linatupwa, na wale wa kusema "tusipoteze chakula" wakae mbali.

Kwa sababu hata sisi wa baridi tuna adabu zetu. Uma uliokwishaingia mdomoni haurudi kwenye kopo ambalo mwingine ataligusa. Kilichobaki kinahamishiwa kwenye bakuli lenye kifuniko, kinaingia friji, na ndani ya siku tatu nne kiwe kimeliwa. Kuna mtu kwetu, simtaji, huacha kopo wazi kwenye friji na kijiko kimesimama katikati, kifuniko chenye meno kikining'inia pembeni kinasubiri kidole changu. Na mtu huyo anapenda vya moto! Tena akishakumbuka kupasha, anachukua kopo jingine, anataka kuliweka juu ya jiko bila kulifungua. Nimemwambia, kopo ambalo halijafunguliwa ukiliweka motoni litapasuka, utakula maharage ukiyakwangua ukutani. Ananiambia mimi ni mjuaji.

Mgeni je? Mgeni nampashia, tena kwenye sahani yenye maua, na kitambaa pembeni. Lakini awe amekuja muda wa wageni. Akinigongea saa saba usiku eti alikuwa anapita tu, atapewa uma, na asogee kidogo tupishane.