Mbalamwezi inafunga ziwa bila boti ya doria

Watu wa Kigoma mnajua, mbalamwezi ikishakuwa kali Ziwa Tanganyika, vipe, vile vyombo vya kuvulia dagaa kwa taa, vinapumzika Kibirizi, Katonga, Ujiji, kote, wavuvi wanashona nyavu zao wanapiga stori na hakuna askari aliyetumwa kuwazuia. Taa mbele ya mbalamwezi haina kazi, dagaa hawakusanyiki, ukiingia ziwani unachoma mafuta bure. Ila serikali ikifunga ziwa, kama ile 2024 kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, hapo ndo inabidi iwepo doria na faini. Wavuvi ni walewale jamani.

Mi siwalaumu waliofunga, dagaa na migebuka kweli wamepungua. Nachosema ni kwamba wameshika kalenda wakaacha hesabu.

Kuna hesabu inaitwa nadharia ya michezo, haihusu mpira, inahusu mtu anavyoamua akijua na wenzake nao wanaamua. Mbalamwezi inafanya kubaki nyumbani kuwe na faida kwako hata kama jirani ameingia ziwani. Tangazo la kufunga linafanya kinyume kabisa, yani wengi wakitii dagaa wanaadimika, bei inapanda, mteja wa Dar au Lubumbashi anapiga simu kila saa, kwa hiyo kadiri wenzako wanavyokuwa waaminifu ndivyo wewe unayetaka kupenya usiku unavyoahidiwa hela nyingi zaidi. Sheria inajitengenezea wavunjaji wake yenyewe. John Nash alipewa Nobel ya uchumi 1994 kwa hesabu za namna hii, huku kwetu unaziona mwaloni ukienda tu alfajiri.

Alafu kuna udhibiti, ile elimu ya mainjinia. Friji haisubiri tarehe, inapima joto ndo inawaka. Sasa dagaa wetu anaishi kama mwaka mmoja tu, idadi yake inapanda na kushuka haraka, na kusi, ule upepo, ndo inayovuruga maji ikaleta chakula juu kutoka chini, mwaka huu inawahi mwaka mwingine inachelewa, wewe umeganda na 15 Mei. Na siku ya kufungua ndo balaa, kila chombo kinaingia usiku mmoja na taa nyingi kuliko za mwaka jana kwa sababu kila mtu anajua asipovua yeye atavua mwenzake, mashindano ni yaleyale tuliyoyaacha, yamepumzika tu.

Elinor Ostrom, yeye Nobel ya uchumi alipata 2009, alionyesha watumiaji wenyewe wakiweka kanuni, wakachungana, na adhabu ikaanza ndogo ikawa inapanda, mali ya wote inaweza kudumu. Sisi BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia mwalo, tunazo kila mwalo, tunazitumia kukusanya watu wakija viongozi. Zipewe mizani na rula za kupimia dagaa. Na anayejua kwanza dagaa wamekuwa wadogo sio mtaalamu, ni mama anayewaanika, anawaona kila asubuhi kwenye mchanga, na huyo ndo hajawahi kuulizwa lini tufunge wala atakula nini tukifunga. Akina mama wakisema wiki nzima wanaletewa watoto wa dagaa, mwalo upunguze taa kila chombo usiku huohuo, usisubiri barua. Mwenye taa zilizozidi mara ya kwanza ashushiwe taa, akirudia akose giza zima, yani usiku wote wa kuvua toka mbalamwezi moja hadi nyingine, hiyo inauma kuliko faini kwa sababu tajiri wa chombo faini anailipa na kazi anaendelea nayo.

Najua mtaniuliza kuhusu Kongo, maana samaki hawana pasipoti, sisi tukizima taa Kalemie wanawasha. Ni kweli, ndo maana rula ya Kibirizi na ya Kalemie inabidi iwe moja na vipimo vitumwe kwenye simu kila upande uone vya mwenzake, manake mtu anayemwona jirani anajizuia, na yeye anajizuia kirahisi zaidi kuliko kuahidiana kwenye mikutano ya hotelini Bujumbura. Gharama yake? Bando na rula.