Farasi Hajali Umesoma Wapi

Mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Nadhani hakuna mtoto wa shule nchini Kenya ambaye hajaitia methali hiyo kwenye insha, na wengi wao hawajamgusa farasi hata mmoja. Hapa Nairobi farasi ni mnyama wa kuonwa kwa mbali: watoto wamepakizwa mgongoni kupigwa picha bustanini, askari wamempanda siku ya gwaride, au ule uwanja wa mbio wa Ngong Road, uliopo tangu 1954, ambao abiria wa matatu huupita akitazama simu.

Mimi riziki yangu inatoka kwa farasi. Ni saisi. Nalisha, nasafisha, natandika na kutembeza farasi wa wenyewe huko Karen.

Siku hizi umeingia mtindo wa semina na makala za kusema farasi hufundisha uongozi, ujasiri, hata kutibu moyo uliovunjika. Sibishi sana. Ila wasemao hayo mara nyingi hukutana na farasi saa nne asubuhi, keshapigwa brashi na kutandikwa. Njoo alfajiri, mwezi wa Julai, baridi ya Karen ikikutafuna vidole huku unazoa samadi. Utaona kwamba somo lake ni moja tu, na halina mvuto wa kuuzia tikiti: uwe mtu yule yule kila siku.

Sababu yake ipo katika maumbile. Farasi ana kilo kama 500, lakini kwa asili yeye ni windo. Macho yake yako kando ya kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa kipande kidogo mbele ya paji la uso na kingine nyuma ya mkia. Silaha yake kubwa ni mbio. Kwa hiyo chochote kilichobadilika tangu jana ni hatari mpaka atakapojiridhisha. Sasa wewe leo umekuja unapiga mluzi, kesho umenuna na kufungua mlango wa banda kwa teke. Kitu kilichobadilika ni wewe.

Kulikuwa na farasi jike mmoja wa kahawia aliyegoma kupita mbele ya jerikeni la manjano lililoachwa njiani. Kijana mgeni kazini akamvuta kamba kwa nguvu zake zote. Jike akainua kichwa juu, pua zimetanuka, masikio yote mawili yameelekea jerikeni. Mzee wetu wa banda akaja taratibu. “Kijana, legeza kamba. Ukivuta unamthibitishia kwamba kweli hapo pana jambo.” Akaishika mwenyewe, akasimama sawa na bega la jike, akageuza uso kutazama ua kama mtu anayesubiri basi, akashusha pumzi ndefu. Tukangoja. Sikio moja likamgeukia mzee. Kichwa kikashuka kidogo kidogo, jike akaanza kulamba midomo. Kisha akanyoosha shingo mwenyewe, akainusa ile jerikeni, akaisukuma kwa pua. Ikabingirika, akaruka nyuma, akarudi tena kuisukuma. Mpaka hapo mzee hakuwa amemwambia jike neno lolote.

Wajerumani waliwahi kuwa na farasi aliyeitwa Hans, mjini Berlin, ambaye watu waliapa kwamba anajua hesabu. Akiulizwa jumla, anagonga kwato hadi jibu, kisha anaacha. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kilichokuwa kikitokea: Hans hakujua kujumlisha, alikuwa akisoma mwili wa muulizaji, kichwa kilichoinuka kidogo tu pale hesabu ilipotimia. Waulizaji wenyewe hawakujua kwamba wanafanya hivyo. Mbele ya mnyama wa namna hiyo utaficha nini?

Hapo ndipo wengine hudai farasi hutambua mtu mwema. Sikubaliani nao. Nimeona mlevi mwenye mikono mitulivu akifuatwa na farasi bila kamba, na mgeni mpole, mwenye karoti mfukoni, akikimbiwa kwa sababu mikono yake haitulii. Farasi hapimi wema. Anapima kama unatabirika. Wema utautafuta kwingine, kanisani au msikitini.

Hata tumbo lake linadai hivyo hivyo. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili ule, na hawezi kutapika. Ukimbadilishia chakula ghafla au ukamjazia nafaka kwa huruma, anaweza kushikwa na msokoto wa tumbo ukamuua. Jioni nako kuna visubi vinavyoeneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua wengi wanaoupata, kwa hiyo pamoja na chanjo tunawaingiza bandani kabla jua halijazama. Iwe Jumapili, iwe Krismasi, iwe una msiba nyumbani, mtu lazima awepo.

Mtu huyo ni saisi, na hapa ndipo huwa nakasirika. Maarifa haya yote yamo mikononi mwa watu ambao mtoto wa mwenye farasi huwaita “boy” wakiwa na mvi. Semina ya farasi inapofanyika, mkufunzi hulipwa vizuri, na saisi aliyemtuliza farasi ili semina iwezekane hupewa soda. Kama kweli farasi wanafundisha uongozi, basi mabanda ya Karen yamejaa maprofesa wanaotembea kwa miguu kurudi Kibera.

Siku ya mbio ukifika Ngong, kabla hujakimbilia kuweka pesa, simama kwenye uzio wa pale farasi wanapozungushwa kabla ya kuingia uwanjani. Watu hutazama mgongoni, kwa joki na rangi zake. Wewe tazama mkono ulioshika kamba. Ikiwa imelegea na farasi anatembea ameshusha shingo, basi huyo kaandaliwa vizuri. Mimi pesa yangu huiweka hapo, ingawa bado napanda matatu.