Bei moja, mnunuzi mmoja: hesabu ya karafuu ya Pemba

Polo, yaani gunia, la karafuu likishushwa kituoni, mizani huja baadaye. Kwanza mkaguzi hutia mkono mpaka katikati ya polo, kwani juu ndiko zinakopangwa zile nzuri, akatoa konzi moja na kuvunja chache kwa kidole gumba. Iliyokauka huvunjika kwa mlio. Yenye maji hupinda. Kisha huangalia rangi, makonyo (vikonyo vya karafuu) yaliyosalia, mpeta (karafuu zilizopitiliza kukomaa mtini), na zile zilizofubaa kwa sababu zilivundikwa usiku mzima kabla ya kuanikwa. Hapo daraja linapatikana: la kwanza, la pili au la tatu. Baada ya hapo hakuna kupatana. Bei imeshatangazwa, ni ile ile Wete, Chake Chake na Mkoani, na mnunuzi anayekubalika kisheria ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC.

Barazani utaratibu huu una wasemaji wawili, na wote husema kwa sauti kubwa. Mmoja anasema bei moja inamkinga mkulima, maana mtu wa Mtambwe mwenye mikarafuu kumi hana namna ya kujadiliana na mnunuzi wa Singapore. Mwengine anasema mnunuzi asiye na mshindani hana sababu ya kulipa vizuri, na kwamba bei ile ni kodi iliyovaa kanzu. Wote wawili wanasema kweli, ila si kwa mwaka mmoja. Soko la dunia likishuka, haki iko kwa wa kwanza. Likipanda, iko kwa wa pili. Ugomvi unakuja pale mtu anapochukua hesabu ya msimu wake akaifanya hesabu ya miaka yote.

Mkarafuu wenyewe hauna haraka. Mche huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa, na ukishakomaa hauzai sawasawa: mwaka mmoja unainama kwa mzigo, kisha unapumzika miaka miwili mitatu. Kwa hiyo bei ikipanda leo hakuna wa kuongeza karafuu kesho. Kinachoweza kuongezwa ni wachumaji tu, ili karafuu zisikomae mtini zikawa mpeta. Bei ikishuka, mkulima hakati mikarafuu siku hiyo. Anaacha kupalilia, anaacha kuziba mapengo kwa miche mipya, na hasara ya uamuzi huo wanaivuna watoto wake.

Wanunuzi nao hawatabiriki. Sehemu kubwa ya karafuu ya dunia haiingii kwenye pilau wala chai ya viungo. Inasagwa na kuchanganywa na tumbaku katika sigara za kretek za Indonesia. Na Indonesia hiyo hiyo ndiyo inayolima karafuu nyingi kuliko nchi yoyote. Mavuno yake yakiharibika, inaagiza nje na bei inaruka. Yakiwa mazuri inajitosheleza, na maghala ya Pemba yanabaki yamejaa. Miaka ya 1970 ilikuwa mteja mkubwa wa Zanzibar. Ikapanda mikarafuu yake kwa wingi, na miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Hapakuwa na mlanguzi aliyefanya hilo.

Wazo la mnunuzi mmoja ni la kale kuliko Mapinduzi. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni iliipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu mamlaka ya kudhibiti ununuzi, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, India ikasusia karafuu ya Zanzibar, na mwaka 1938 ikabidi pande zote zikae na kupatana upya. ZSTC ilianzishwa 1968. Hoja ya wakati ule ndiyo hoja ya leo: mkulima hukopa kabla ya mavuno, na anayemkopesha ndiye anayempangia bei.

Mageuzi makubwa ya karibuni yalikuja mwanzoni mwa muongo wa 2010, serikali ilipopandisha bei kwa mkupuo na kuahidi kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Kwa misimu kadhaa kilo ya daraja la kwanza ikawa shilingi 14,000. Tuipige hesabu hiyo, kwa sababu wanaoitaja ahadi ni wengi kuliko wanaoipigia hesabu. Gawa 14,000 kwa 0.8, unapata 17,500. Maana yake bei ya 14,000 inatimiza ahadi sawasawa iwapo shirika linauza kilo kwa 17,500. Ile 3,500 ya katikati si faida tupu. Ndani yake mna magunia na majamvi, gari la kutoka kituoni, kusafisha na kukausha upya, meli, mishahara, mikopo ya kuchumia, miche ya bure, na fidia ya mchumaji aliyeanguka mtini.

Sasa tuseme dunia imeshuka na kilo inauzwa 15,000. Shirika limebakiwa na 1,000, halitoshi hata gharama, na linakula akiba ili mkulima aendelee kupata 14,000 yake. Mwaka huo walalamikaji wako kimya. Tuseme tena dunia imepanda mpaka 22,000. Asilimia 80 hapo ni 17,600, lakini mkulima bado analipwa 14,000, chini kidogo ya asilimia 64. Hakuna aliyevunja sheria wala kuiba kitu. Ni bei iliyosimama tu wakati dunia inatembea.

Pengo hilo ndilo linaloendesha magendo. Karafuu inalimwa pia Bara, Morogoro na Muheza, ambako wanunuzi binafsi wanashindana, na ng'ambo ya pili kuna Mombasa. Karafuu ya Pemba ikishachanganywa na nyengine haina kitambulisho. Weka bei ya huko iwe 18,000. Tofauti ni 4,000 kwa kilo, sawa na 200,000 kwa polo la kilo 50. Dau la mapolo ishirini lina pengo la shilingi milioni 4 la kugawana, dhidi ya hatari ya kupoteza mzigo wa milioni 14 pamoja na chombo. Kuna watu watakaolala bandari bubu kwa ajili hiyo. Punguza tofauti iwe 1,000 na pengo linabaki milioni moja, kabla ya kumlipa nahodha, wapagazi na mwenye ghala. Hapo bora mtu alale kwake. KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wanaweza kuongezewa boti na mafuta, lakini kinachoamua dau lipite au lisipite ni ile tofauti ya bei. Bei ya Zanzibar ikipita ya Bara, magendo hugeuza tanga, na karafuu ya watu huanza kuingia kuuzwa hapa.

Lakini wapinzani wa shirika wana mahali pamoja wanapoteleza: wanadhani mkulima anayeuza usiku anapata ile 18,000. Hapati. Mnunuzi wa usiku hutoa 15,000, pengine chini, na anapendwa kwa mambo mengine mawili. Analipa taslimu pale pale shambani, na hana haja ya daraja. Karafuu iliyolowa anaichukua. Ya kuibwa usiku wa jana anaichukua. Ndiyo maana magendo yakizidi, wizi mashambani nao huzidi, na wenye mashamba hulazimika kuchuma mapema, karafuu zikiwa changa, kabla ya wengine kuzichuma.

Suala la maji ni la kutazamwa kwa karibu zaidi. Kilo tatu hivi za karafuu mbichi hutoa kilo moja kavu, baada ya siku nne hadi saba za jua zuri, na kiwango cha kimataifa kinataka maji yasizidi asilimia 12. Chukua polo la kilo 50 lenye maji asilimia 16. Ukavu wake ni kilo 42. Likikaushwa mpaka asilimia 12 litakuwa na kilo 47.7. Kilo 2.3 ni maji, na kwa bei ya 14,000 ni karibu shilingi 32,000 za maji katika polo moja. Mkaguzi akilegea, aliyeanika siku saba analipwa sawa na aliyeanika nne, na baada ya msimu mmoja tu wote wanaanika nne. Karafuu hiyo huota ukungu ghalani na kushusha sifa ya mzigo mzima. Mnunuzi mmoja mwenye madaraja yanayosimamiwa kwa ukali ana nafuu hapa ambayo soko la wanunuzi ishirini wenye haraka halina. Mimi nahesabu hiyo kuwa hoja nzito kuliko ile ya kumkinga mkulima, ingawa husikika kwa nadra.

Wanaotaka bei ya juu ilindwe kwa amri waangalie Indonesia. Mwaka 1990 serikali ya huko iliunda BPPC, bodi iliyoongozwa na mtoto wa Rais Suharto, ikapewa haki ya kununua karafuu zote kwa bei iliyopangwa. Ilijikuta na shehena isiyokuwa na wa kuinunua, wakulima wakashauriwa wakate mikarafuu yao, na 1998 bodi ikavunjwa kwa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Karibu zaidi, mwaka 2018 Rais Magufuli aliamuru serikali inunue korosho za Bara kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya wafanyabiashara kutaja bei za chini. Bei ilikuwa nzuri. Malipo yakachelewa, wengine mpaka mwaka uliofuata. Bei ya juu isiyokuwa na fedha mkononi ni hati ya deni.

Bei za kikomo, zile zinazomlinda mlaji, zina tabia nyengine. Mafuta ya gari ndiyo mepesi kuyapangia bei: yanaingia kwa mikono michache, ZURA, mamlaka ya Zanzibar ya kudhibiti huduma za maji na nishati, inatangaza bei kila mwezi, na bei inafuata gharama ya kuagizia. Kila Ramadhani tena husikika bei elekezi ya mchele, sukari na unga wa ngano. Hizo nazo hushikika kidogo, kwa kuwa waagizaji wanahesabika. Mwenye duka wa Micheweni ndiye anayebanwa: analipa chombo kutoka Unguja, gari kutoka bandarini na wapagazi, na bei elekezi ikiwa haina nafasi ya nauli hiyo, ataficha sukari chini ya meza au atapunguza kipimo. Ama ndizi mkono wa tembo, viazi vikuu na majimbi ya futari, hakuna kamati iliyowahi kuyawekea bei yakatulia. Yanatoka kwenye makonde mia, kila moja na mwenyewe, na watu wote wanayataka wiki moja.

Hata ndani ya karafuu kuna bei ambayo hakuna anayeipanga, nayo ni ujira wa mchumaji kwa pishi. Mwaka wa mavuno makubwa mikono haitoshi, mpaka skuli zimewahi kufungwa ili wanafunzi wakachume, na ujira unapanda wiki hadi wiki. Wavuvi nao huacha bahari wakakwea mikarafuu kuchuma, kwa hiyo samaki wanapungua na kupanda bei. Mwenye shamba anabanwa kati ya bei ya kuuzia isiyosogea na ujira unaosogea kila siku. Ndiyo maana mwaka wa neema si lazima uwe mwaka wa faida.

Wapo wanaopendekeza ZSTC ibaki na bei ya chini kabisa, na wanunuzi wengine waruhusiwe kununua juu yake. Pendekezo hilo lina mvuto, lakini miaka mizuri karafuu yote itakwenda kwa wengine na shirika halitaweka akiba. Miaka mibaya yote itarudi kwake, bila ya akiba. Bima isiyolipiwa ada haidumu. Naona bora mnunuzi abaki mmoja, lakini malipo yawe mawili: ya kwanza kituoni, ya pili msimu ukifungwa, kulingana na bei iliyouziwa hasa, kwa stakabadhi aliyopewa mkulima. Wenye shaka watauliza nani atazikagua hesabu hizo za mauzo, na swali lao ni la haki. Bila ya kutangazwa hadharani bei ya kila shehena, malipo ya pili yatakuwa ahadi nyengine ya kubishaniwa barazani.

Kuna jambo dogo lisilohitaji fedha yoyote, nalo ni tarehe. Wengi hukodisha mikarafuu yao ikiwa bado na vikonyo vichanga, mwezi mmoja au miwili kabla ya uchumaji wa Julai, kwa sababu wanahitaji pesa ya chakula na ada. Bei ya msimu ikiwa haijatangazwa, mkodishaji anakisia kwa tahadhari na mkodi anakisia kwa uzoefu. Ikitangazwa Mei, wawili hao watakaa chini ya mkarafuu mmoja wakiwa na nambari moja, na kitakachobaki kubishaniwa ni pishi ngapi zitatoka mtini.