Ugonjwa Umekwisha, Ila Ndoo Lete

Hivi jamani, kama ugonjwa wa korona umekwisha, ndoo ya kunawia shuleni ya nini? Nauliza tu. Hapa kibandani kwangu Ngamiani nimeshamwuliza kila mteja, na kila mmoja anacheka, anasogeza baiskeli mbele, "fundi, nijazie upepo wa nyuma hapo," anapanda anaondoka. Na hela ya upepo hatoi. Ni Januari hii ya 2021, au tuseme Njaanuari, Tanga nzima inaendesha baiskeli kwa mkopo.

Orodha ninayo hapa, mfuko wa shati. Binti yangu wa mwisho anaanza darasa la kwanza mwaka huu. Karatasi yenyewe imetolewa kopi ya kopi mpaka herufi zimekuwa ukungu, lakini mahitaji yanasomeka vizuri, hayo hayafutiki. Madaftari. Penseli, kichongeo, raba. Sketi ya bluu, shati jeupe, viatu vyeusi, soksi nyeupe. Soksi nyeupe! Mtoto wa miaka sita, kwa tope la mitaa yetu, mnamvisha soksi nyeupe, halafu mnashangaa wazazi tunazeeka mapema. Ufagio wa chelewa. Rimu ya karatasi, ambayo sijui mtu asiyejua kuandika "a" ataichapia nini. Hayo sawa, kaka zake nao waliyapitia. Sasa shuka chini kabisa, palipoongezwa kwa kalamu nyekundu: ndoo ya lita ishirini yenye koki na mfuniko, sabuni ya maji, na kitakasa mikono kwa mwenye uwezo.

Mimi sina ugomvi na Serikali, niseme mapema. Elimu bila malipo ilipoanza 2016 nilishangilia kuliko mashabiki wa Coastal Union. Na kweli, tangu mwaka ule hakuna mwalimu aliyeniomba ada. Wanaomba vitu vingine vyote.

Turudi nyuma kidogo, maana hili jambo lina historia. Tarehe 16 Machi 2020 tulitangaziwa mgonjwa wa kwanza, Arusha huko. Kesho yake tu Waziri Mkuu Majaliwa akafunga shule, siku 30. Nikasema siku 30 si kitu, Mungu akipenda tutavumilia. Zikaisha, shule kimya. Wakafungua wa kidato cha sita na vyuo tarehe 1 Juni, na wangu mimi wa darasa la awali wakabaki nami mpaka 29 Juni. Watu wanasema dunia nzima iliumia. Mimi naomba dunia nzima ije ikae wiki moja na watoto wangu ndani ya vyumba viwili na ukumbi.

Ikaja habari ya masomo kwenye redio na televisheni. Jambo zuri, sikatai. Lakini mtaani kwetu televisheni inayoshika vizuri ni yangu. Basi kikianza kipindi, watoto wa mtaa wote wapo ukumbini kwangu, wa mbele kakaa juu ya wa nyuma, wa dirishani ananing'inia, wanasikiliza kwa makini sana mwalimu akiwaeleza umuhimu wa kukaa mbalimbali. Kipindi kikiisha hawaondoki. Wanasubiri katuni. Na chai je? Mama watoto ni mtu wa Pwani, hawezi kuona mtoto wa jirani na sufuria ya chai asivikutanishe.

Nikitoka nje kupumua, napo hakuna hewa, ni mvuke mtupu. Kila nyumba wanajifukiza. Mwarobaini, mchaichai, mkaratusi, mtu anaingizwa chini ya blanketi na chungu kinachochemka, anatoka macho mekundu, anaapa kwamba kifua kimefunguka. Limau pale Mgandini likapanda bei mpaka nikaanza kuliamkia. Sisi! Watu wa Tanga, Muheza ile pale na machungwa yake, tunabembelezana na muuza limau. Mwezi wa tano ndio tukasikia kutoka juu, kwa Rais Magufuli, kwamba maabara ya vipimo imepelekewa sampuli za papai na mbuzi, na papai limeonekana linaumwa. Mwenzangu mmoja muuza matunda akalala na toroli lake siku nzima, kila anayepita anamwuliza, "hali ya mgonjwa vipi?"

Hesabu ya wagonjwa nayo ikaishia 509. Tangu hapo, aliyeumwa kaumwa kwa hesabu yake mwenyewe. Tukafunga, tukaomba, mwezi wa sita tukaambiwa nchi imesalimika. Nami nikashukuru kwa moyo mmoja, kwa sababu kusalimika kwa nchi ilikuwa ni pamoja na kufunguliwa kwa shule.

Kwa hiyo mnielewe ninapouliza habari ya ndoo. Hivi sasa mtaani hakuna mtu mwenye ule ugonjwa. Wapo wenye changamoto ya upumuaji. Jirani yangu wa kushoto ana changamoto ya upumuaji, shemeji yake ana changamoto ya upumuaji, na fundi cherehani wa pale kona, aliyekuwa ameacha kushona barakoa, ameanza tena kimyakimya, za vitenge, anazitundika nyuma ya magauni. Ukimwuliza, anakwambia za vumbi.

Haya. Uandikishaji sitausemea sana. Cheti cha kuzaliwa, barua ya mtaa, mwenyekiti hayupo, muhuri anao mke wake, mke wake kaenda shughulini. Mnaijua.

Siku ya kufungua ndiyo yenye mambo. Nimempakia binti kwenye kerea, ndoo nimeining'iniza kwenye usukani, ufagio umechomekwa huku, rimu ameikumbatia yeye. Getini kasimama mwalimu, binti mdogo tu, ana barakoa iliyoshuka kidevuni ili sauti itoke. Kabla sijasalimia: "Mzazi, ndoo iko wapi?" Nikamwonesha. "Ina koki?" Nikamwonesha koki. Akaifungua, akaifunga, akaifungua tena, kama vile mimi nimekuja kuchumbia na ndoo ndiyo mahari. Akaandika jina la mtoto ubavuni kwa rangi, akaipeleka ofisini.

Nikasema nichungulie basi huko darasani anakoingia mwanangu. Darasa linatakiwa liwe na watoto 45, hivyo ndivyo tunavyoambiwa. Mimi nilianza kuhesabu dirishani, nikafika sitini, nikaona wengine bado wanaingia, nikaacha kwa heshima ya hesabu. Na nje chini ya mkungu kulikuwa na mkondo wa pili, wanangojea wenzao watoke ndio waingie. Ukutani kuna bango zuri, limechorwa na mtu mwenye kipaji: watoto wawili wanatabasamu, katikati yao mshale, mita moja. Dawati lililo chini ya bango nimelipima kwa shubiri. Lenyewe lote halizidi shubiri sita, yaani mita na kidogo, na limekaa watoto wanne mshikaki. Ili watii bango, dawati libaki na mtoto mmoja na nusu. Hao wengine wawili na nusu wakasome wapi, Pemba?

Mwalimu si wa kulaumiwa. Nilimwangalia. Anapanga watoto, hajamaliza mstari wa pili wa kwanza umeshavunjika, mmoja analia anataka kwa bibi, mwingine kamwaga maji, wawili wamebadilishana barakoa: nipe yako ya maua nikupe yangu ya Simba. Ile ya Simba ilikuwa imelowa mate. Ikavaliwa hivyo hivyo. Nikaondoka dirishani, kuna vitu mzazi akivitazama sana anapata changamoto ya upumuaji.

Lakini ninachotaka kuwaambia hasa ni pale pa kunawia. Mimi nilidhani zile ndoo zetu zitapangwa barazani, watoto wananawa, maisha yanaendelea. Ndoo zimefungiwa ofisini. Zimepangwa vizuri, moja ndani ya nyingine, mpaka dirishani. Nikauliza, nikaambiwa zikikaa nje zitaibiwa. Basi watoto wananawia wapi? Kwenye kibuyu chirizi.

Kama hukijui, nikueleze, maana mimi kama fundi kilinivutia. Wamechimbia miti miwili ya panda, juu wamelaza mti mwembamba, hapo limening'inizwa dumu la lita tano lililotobolewa kwa msumari karibu na mdomo. Mdomoni pa dumu imefungwa kamba, kamba inashuka mpaka kwenye kijiti cha chini. Mtoto anakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika, hakuna mkono ulioshika kitu. Aliyebuni kitu kile ni mtu wa akili, na ningependa kumpa mkono, kama kupeana mkono kungekuwa kunaruhusiwa. Kasoro yake ni kwamba mtoto wa darasa la kwanza hajui kukanyaga taratibu. Anarukia kwa miguu miwili. Dumu linapindua kichwa, maji yote kwenye soksi. Nyeupe.

Pembeni imetundikwa sabuni, kipande cha mche kilichotobolewa katikati na kutungwa kwenye kamba. Na hapa ndipo mwenye orodha alipojisahau kwamba tupo Tanga. Tanga kuna kunguru. Kunguru wa Tanga hana shida na wali wako wala samaki wako siku hizi, anataka sabuni. Acha sabuni kwenye karo dakika moja uone. Siku ile ile ya kwanza, mbele ya macho yangu, watoto wapo foleni, kunguru katua juu ya mti, kageuza shingo, kadonoa kamba, kabeba mche. Watoto wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akatoka na fimbo. Kunguru yupo juu ya paa la darasa, sabuni ipo miguuni, anamtazama mwalimu mkuu bila barakoa.

Jioni binti karudi. Kajifunza nini? "Kunawa." Na nini tena? "Kunguru." Nikamwambia amwamkie bibi yake. Mama yangu ni mtu wa zamani, kanyoosha mkono abusiwe kama ilivyo ada yetu. Mtoto kamgonga kwa kiwiko. Bibi kashtuka, "Mwanangu, huyu wamemfundisha shule au kumbo?" Ilibidi aelezwe kuanzia Machi, na bado hakukubali. Usiku, mtoto kabla ya kulala akaniuliza swali lake alilolibeba kutwa: "Baba, likizo ya korona nyingine lini?" Nikamwambia anyamaze, majirani wasisikie.

Wiki ya pili tukaitwa kikao cha wazazi. Ajenda: sabuni. Tumesimama chini ya mkungu, bega kwa bega, tunajadili kukaa mbalimbali. Mzazi mmoja akapendekeza sabuni ya unga, mwingine akasema majivu, wazee wetu waliogea majivu na walifika miaka tisini. Mama mmoja muuza mihogo akauliza swali langu: na zile ndoo zetu je, si zina koki? Mwenyekiti wa kamati akasema swali zuri, litajibiwa kwenye mengineyo. Mengineyo hayakufika. Ikapita kwamba kila mzazi alete mche mmoja wa sabuni kila mwezi, na sabuni ijengewe kitundu cha waya, mkono wa mtoto uingie, mdomo wa kunguru usiingie.

Kimya. Halafu nikaona vichwa vinageuka kimoja kimoja kunielekea mimi.

"Fundi," mwalimu mkuu akasema, kwa ile sauti ya upole inayotumika kumtoa mtu pesa, "wewe si una spoku chakavu pale kibandani?"

Ninazo. Na koleo ninayo. Na kitundu cha mfano nimeshakisuka, kipo hapa mezani, kizuri hata kasuku angekaa. Nilichouliza ni kitu kimoja tu, tena kwa adabu, mbele ya kikao: mwalimu, hii kazi ina malipo?

Akanitazama kwa mshangao. "Mzazi, elimu ni bure."